KUZAA SIO MRADI JAMANI

Nimepotea wiki mbili nzima, mniwie radhi. Test zimepangana kama abiria wa stendi ya Msamvu siku ya sikukuu, na bumu nalo tabia yake mnaijua. Ila leo sitaki tuongelee bumu. Leo nina hasira na nataka kubishana.

Kuna ubishi unaendelea hapa vimbwetani tangu Marekani wafunge bomba la misaada. Kila nikipita na desa langu mkononi nasikia pande mbili tu. Upande mmoja unasema "Trump katumaliza". Upande wa pili unasema "afadhali waondoke, tumezidi kuwa ombaomba, na hayo madawa yao ya uzazi wa mpango ni ya kutupunguza". Basi wanarushiana nondo mpaka saa nne usiku, na ukiangalia vizuri wanaobishana karibu wote ni wanaume ambao hawajawahi kukalia benchi la kliniki hata siku moja, teh teh. Mimi ni mtoto wa Ifakara, nimezaliwa pale na TP nimefanya humo humo bondeni. Nawaambia pande zote mbili mmekosea, sema wa upande wa pili mmenikera zaidi kwa hiyo nitaanza na nyie.

Subirini kwanza tujue tunabishania nini, maana wengine wanabisha kwa kusikia tu.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 eti ikaguliwe. Siku nne baadaye akairudisha ile sera inayoitwa ya Mexico City. Tarehe 10 Machi waziri wake wa mambo ya nje, Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikafungwa, shirika lililokuwepo tangu 1961. Nyie mliokulia vijijini mnaikumbuka ile nembo ya mikono miwili iliyoshikana, chini yake imeandikwa "Kutoka kwa Watu wa Marekani". Ilikuwa kwenye mabango, kwenye maboksi ya dawa, kwenye milango ya Land Cruiser. Mimi nimejifunza kusoma kwa kusoma bango la namna hiyo mbele ya zahanati, kabla hata sijaanza darasa la kwanza.

Hiyo sera ya Mexico City wengi hamuijui, wacha niieleze maana ndo kiini cha matatizo. Ilianza 1984 wakati wa Reagan, kwenye mkutano wa idadi ya watu uliofanyika jiji hilo. Inasema hivi: shirika lisilo la kiserikali la nje ya Marekani likitaka hela ya Marekani ya uzazi wa mpango, lisitoe huduma ya kutoa mimba, lisimshauri mtu kuhusu hiyo huduma, wala lisiitetee, HATA KWA HELA YAKE LENYEWE iliyotoka kwingine. Wakiingia Democrat inafutwa, wakiingia Republican inarudishwa. Clinton akaifuta 1993. Bush akairudisha 2001. Obama akaifuta 2009. Trump akairudisha 2017 na kuipanua iguse karibu misaada yote ya afya, sio uzazi wa mpango peke yake. Biden akaifuta 2021. Trump tena, 2025.

Mnaona? Ni mgao wa umeme kabisa. Wanawasha, wanazima. Tofauti ni kwamba TANESCO angalau walikuwa wanatoa ratiba.

Na msidhani ni maneno ya makaratasi. Bush alipoirudisha 2001, chama cha uzazi wa mpango cha Kenya kilikataa kusaini masharti. Kikakosa hela na kufunga kliniki, mojawapo ikiwa ya Mathare, mtaa wa watu wasio na kitu. Sasa fikiria, kliniki ikifungwa haifungi huduma moja tu. Inafunga sindano, inafunga kupima uzito wa mtoto, inafunga chanjo. Mwaka 2019 jarida la Lancet Global Health lilitoa utafiti wa nchi 26 za Afrika kusini mwa Sahara, wakilinganisha vipindi sera ikiwepo na isipokuwepo kati ya 1995 na 2014. Katika nchi zilizotegemea sana hela ya Marekani, sera ilipokuwepo matumizi ya njia za kisasa yalishuka, mimba zikaongezeka, na utoaji mimba UKAPANDA kwa kama asilimia 40 ukilinganisha na nchi ambazo hazikuitegemea sana. Yaani sera ya kuzuia utoaji mimba ikazalisha utoaji mimba. Ukiandika hivyo kwenye mtihani wa Development Studies mwalimu atadhani unatania.

Sasa haya yote nimeyasema kama utangulizi tu, maana kuna jambo moja la 2025 ambalo likinijia kichwani silali vizuri. Jambo la ghala la Geel.

Geel ni mji mdogo Ubelgiji. Huko kulikuwa na ghala la dawa za uzazi wa mpango zilizonunuliwa na USAID kabla haijafungwa: vijiti, sindano, vitanzi, vidonge. Thamani yake dola milioni 9.7. Zimeshalipiwa. Nyingi zilikuwa bado na miaka mbele, nyingine mpaka 2031 ndo ziishe muda. Zilikuwa za kwenda nchi maskini, na sehemu kubwa zaidi, kwa hesabu za Shirikisho la Kimataifa la Uzazi wa Mpango, IPPF, ilikuwa ya nchi tano za Afrika: Kongo, Kenya, Zambia, Mali na Tanzania. Sisi hapa! IPPF walisema fungu la Tanzania lilikuwa sindano zaidi ya milioni moja na vijiti 365,100, sawa na asilimia 28 ya mahitaji yetu ya mwaka mzima.

Julai 2025 serikali ya Marekani ikathibitisha kwamba zitateketezwa. Kuzichoma tu kulikadiriwa kugharimu dola 167,000, ambazo kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi milioni 400. IPPF na MSI wakajitolea kuzichukua na kuzisafirisha wao, Marekani isitoe hata senti. Wakakataliwa. Msemaji akasema eti ni dawa za kutoa mimba. Jamani, kijiti kinazuia mimba isitungwe, hakitoi mimba, hata muuguzi wa zahanati ya mwisho kabisa kule Mlimba anajua. Halafu sheria ya Marekani yenyewe tangu 1973 inakataza hela yao ya misaada kulipia utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango, sasa USAID wangezinunuaje? Septemba maafisa wa Ubelgiji wakasema mzigo bado upo ghalani, haujachomwa, na sheria za kwao zinakataza kuchoma vifaa vya tiba vinavyofaa kutumika. Sawa, haukuchomwa siku hiyo. Lakini dawa iliyofungiwa ghalani Ubelgiji kwa mtu wa Chita au Utengule ina tofauti gani na iliyochomwa?

Haya sasa, nyie wa "afadhali waondoke, walikuwa wanatupunguza". Nisikilizeni taratibu.

Mwenyeji wa bonde la Kilombero anajua kwamba mpunga haulimwi mlangoni kwa mtu. Masika ikianza familia zinahama. Zinakwenda mashambani, wengine ng'ambo ya mto, wanajenga kibanda na dungu la kuamia ndege, wanakaa huko miezi mpaka wavune. Nyumba ya kijijini inabaki na bibi na watoto wa shule. Na ndo miezi hiyo hiyo mto unafurika na njia zinakatika, nyie wa mjini mliona picha za mafuriko ya 2024 mkaandika "pole Ifakara" mkaendelea na maisha. Mimba haisubiri maji yapungue.

Mama yangu mdogo alijifungulia huko shambani mwezi wa nne, mtoto wake wa tano. Alimzalisha mama wa kibanda cha jirani. Damu ikakataa kukata. Wakamweka kwenye mtumbwi, kisha kwenye baiskeli, kisha kwenye pikipiki, na alifika hospitali hajitambui. Mungu alisaidia, akaongezewa damu, akapona. Alipopata nguvu alikwenda kliniki kwa miguu yake, bila kuitwa na mzungu yeyote, akasema nataka kijiti. Ana watoto watano, ana mume mmoja na ekari tatu. Hesabu aliipiga mwenyewe. Kijiti chake kilikuwa cha miaka mitatu, na muda ulipoisha katikati ya 2025 akaenda zahanati moja, jina naliacha, akaambiwa hakuna, rudi mwezi ujao. Mwezi ujao hakuna. Akaambiwa atumie kondomu. Mume wake ni mtu wa kutumia kondomu?? Mh.

Sasa wewe uliyekaa kimbwetani na chipsi zako, njoo umwambie mama mdogo kwamba kijiti kilikuwa njama. Mwambie afadhali. Nipo nasubiri. Tena uje nayo hiyo hesabu ya kupunguzwa, maana nchi hii kwa utafiti wa afya wa 2022 mwanamke anazaa kwa wastani watoto 4.8. Wanatupunguzaje watu hao?

Na mkisema "tujitegemee" mimi nawaunga mkono, ila semeni vizuri. Kujitegemea ni kununua kijiti kwa hela yetu. Kukosa kijiti kwa sababu aliyekuwa analeta kaondoka sio kujitegemea, ni kukosa tu. Mtu aliyefukuzwa kwa mjomba akalala nje hajaanza kujitegemea.

Nageukia upande wa kwanza. Nyie wa "Trump katumaliza" mnadhani tuko pamoja. Hatuko pamoja. Trump kafanya ukatili na nimeshausema. Lakini nani aliweka swichi ya dawa za mama yangu mdogo kule Washington? Sio yeye.

Ngoja niwaeleze jinsi dawa inavyofika zahanati, hili nilifundishwa na muuguzi mmoja wakati wa TP, mama mvumilivu sana kwa maswali yangu. Zahanati ikiishiwa panado au glavu, inaagiza Bohari ya Dawa kwa hela yake, na Bohari ikikosa kuna mfumo wa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeingia mkataba na mkoa. Zahanati ina akaunti yake benki, tangu 2017/18 hela za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia huko moja kwa moja. Kwa hiyo kwenye panado kuna pa kujitetea. Vijiti na sindano haziko hivyo. Zinakuja "za programu", bure, kutoka juu, zikinunuliwa kwa sehemu kubwa na wafadhili. Zahanati haina fungu la kuzinunua kwa sababu haijawahi kutakiwa kuzinunua. Ndo maana juu pakikauka, huku chini hakuna hata mtu wa kumlaumu. Muuguzi anafungua kabati, anakuonyesha, anafunga.

Na sio mara ya kwanza. Tena hili linaniuma kama mtu wa Ifakara. Mnaikumbuka Hati Punguzo? Mama zenu wanaikumbuka. Mjamzito akienda kliniki anapewa hati, anaenda nayo dukani ananunua chandarua kwa bei ya chini. Wazo lile lilijaribiwa KWETU, Kilombero na Ulanga, miaka ya mwisho ya 90, kwenye mradi wa KINET wa watafiti wa Ifakara, vyandarua vikiitwa Zuia Mbu. Malaria kwa mjamzito wa bondeni ni kukosa damu, na mama asiye na damu akitokwa na damu kidogo tu anaweza kufa. Ikaonekana inafanya kazi, 2004 ikaanza kuwa ya taifa zima kwa hela za Global Fund. Wazo la bonde la Kilombero likaenda nchi nzima! Halafu 2014 ikakoma. Mpaka 2016 ndo ikaja Chandarua Kliniki, na hiyo nayo ikaegemea hela za Marekani. Akili yetu, mifuko ya wengine. Mwenye mfuko akisogea, akili yetu inaanguka chini.

Yule muuguzi alinihesabia majina ya miradi aliyoifanyia kazi tangu aajiriwe, vidole vikaisha. Kila mradi una fulana zake, rejista zake, semina zake na mwisho wake. Rejista za miradi iliyokufa zimejaa stoo, watoto wake wanaandikia hesabu upande wa nyuma. Kuzaa kwa wanawake wa kijiji kile hakujawahi kuwa na mwisho wa mradi.

Mtaniambia nchi ni maskini, hela hakuna. Haya, njooni mtoni.

Watu wa Ulanga na Malinyi wakitaka kuja hospitali kubwa ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara walikuwa wanavuka Mto Kilombero kwa kivuko. Kivuko kikiharibika unakaa. Usiku unakaa. Mto ukijaa unakaa, na uchungu wako. Januari 2016 kivuko kikazama. Leo pale kuna daraja la mita 384, lilizinduliwa 2018, limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 60, hela ya serikali yetu wenyewe. (Barabara ya Kidatu hadi Ifakara najua ina hela za Umoja wa Ulaya, msinirukie, naongelea daraja.) Hakuna aliyesema tusubiri mfadhili wa mto. Iliamuliwa kwamba watu lazima wavuke, hela ikatafutwa, ikapatikana.

Sasa pigeni hesabu. Mzigo WOTE wa Geel, wa nchi zote, ni dola milioni 9.7. Hiyo ni kama shilingi bilioni 25. Haifiki nusu ya daraja moja, na fungu la Tanzania ni sehemu tu ya hapo. Sisi tumeshindwa hela hiyo? Bonde lile lina kiwanda cha sukari Kidatu, lina mpunga unaolisha Dar, lina mitiki, lina kokoa ya Mbingu, na mazao yanayotoka yanakatwa ushuru kizuizini. Hela ipo. Ila dawa ya uzazi haikatwi utepe. Daraja unapiga nalo picha. Kijiti kinakaa chini ya ngozi ya mkono wa mwanamke, nani atapiga nacho picha?

Ahadi tumezitoa wenyewe, hakuna aliyetulazimisha. Aprili 2001 kule Abuja viongozi wa Afrika, sisi tukiwemo, walikubaliana asilimia 15 ya bajeti iende afya. Ni robo karne sasa na miaka ya karibuni hatujafika hata karibu na hapo. Julai 2012 kule London Rais Kikwete aliahidi kwamba kufika 2015 asilimia 60 watakuwa wanatumia uzazi wa mpango. Utafiti wa 2015/16 ukakuta wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni asilimia 32. Wa 2022 ukakuta 31. Tumekaa pale pale, tena tumerudi hatua moja. Na swichi nyingine iko hapa hapa nyumbani: Septemba 2018 hayati Magufuli aliwaambia wananchi wa Meatu waachane na uzazi wa mpango, na mwezi huo huo wizara ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye TV. Ile nayo ilikuwa Washington?

Sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Vifo vya uzazi vimeshuka, tafiti zile zile zinasema kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja mwaka 2015/16 mpaka 104 mwaka 2022. Kuna m-mama, unapiga 115 bure, kama gari la wagonjwa halipo linatafutwa gari la mtu wa karibu na mwenye gari analipwa kwa simu. Ilianza na wafadhili pia, ila mpango tangu mwanzo ulikuwa halmashauri zije zibebe gharama, na hivyo ndivyo nataka mambo yaende. Februari 2025 Rais Samia akapewa tuzo na Gates Foundation kwa hayo mafanikio. Nilifurahi. Lakini angalieni kalenda: tuzo imekuja wiki mbili baada ya ile amri ya tarehe 20 Januari. Tunapigiwa makofi ukumbini wakati bomba limeshafungwa nje. Na Marekani sio peke yao, Uingereza walishusha misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato lao mpaka 0.5 mwaka 2021, mwaka huo huo wakakata asilimia 85 ya mchango wao kwenye mfuko wa UNFPA wa kununua dawa hizi hizi, na Februari 2025 wakatangaza kushuka mpaka 0.3 ifikapo 2027 ili wanunue silaha. Hawa watu wanahama. Hawarudi kesho.

Juni 2025 bajeti ilileta tozo mpya kwa ajili ya UKIMWI na bima ya afya kwa wote, kwenye mafuta, bia na vingine. Walevi wa Ifakara walilalamika sana, mimi nilishangilia. Kumbe tunaweza! Wakiamua kwamba ARV lazima zipatikane, wanajua pa kutafuta hela. Basi waamue na vijiti.

Mtauliza mwalimu mtarajiwa anatafuta nini huku, si ukafundishe Historia yako. Ndo nilichokuwa nafundisha kwenye TP, Historia na Kiswahili kidato cha tatu. Daftari la mahudhurio nilikuwa naita mimi. Kuna jina nililiita wiki nzima bila jibu, wiki ya pili darasa likaanza kucheka chini chini kila nikilifikia, nikaelewa. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, na hilo ni jambo kubwa kwetu. Lakini arudi na mtoto anamwachia nani, wakati mama yake yuko shambani ng'ambo ya mto? Utafiti wa 2022 unasema wasichana wa miaka 15 hadi 19 ambao wameshawahi kushika mimba ni asilimia 22, zaidi ya mmoja kwa watano. Ukiwa na darasa la wasichana 40 piga hesabu mwenyewe. Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa mbinu za kumfanya mwanafunzi asisinzie. Hatufundishwi cha kufanya na kiti kitupu.

Na kuna lile la vifaa, ambalo halina Trump ndani yake hata kidogo. Sera ya Afya ya 2007 inasema huduma ya mjamzito ni bure. Nendeni mkaulize wanawake. Unaambiwa uje na glavu, pamba, nyembe, kibana kitovu, mpira wa kulalia, beseni. Asiyekuja navyo anaona aibu, na anayeona aibu anabaki nyumbani. Wanawake wa shambani wananunua kimoja kimoja kila wakiuza debe la mpunga, wanaficha ndani ya ndoo. Bure ya aina gani hiyo inayokaa kwenye ndoo?

Ninachotaka ni kidogo sana na kinaandikika kwenye mstari mmoja wa bajeti. Fungu la hela ya ndani la dawa za uzazi wa mpango, oksitosini ya kuzuia damu, dawa ya kifafa cha mimba na vifaa vya kujifungulia, na hela hiyo ITOLEWE robo ya kwanza ya mwaka, isibaki kwenye kitabu. Halafu kila zahanati ibandike ubaoni kilichopo na kilichoisha, kamati ya zahanati isome mbele ya mkutano wa kijiji kama wanavyosoma mapato ya ushuru. Mfadhili akija, karibu, aongezee juu ya hapo. Akienda, kwaheri, mama mdogo asijue hata kwamba ameondoka.

Kwa hiyo nimewaza hivi. Bajeti za halmashauri zinaanza kupangwa kabla ya Bunge kukaa, na madiwani wa Ifakara Mji na wa Mlimba wana masikio. Mbunge naye ana masikio, ila ni ya msimu. Wanachuo wa kutoka Kilombero, Ulanga na Malinyi tuliopo hapa sio wachache, kwenye sherehe huwa tunajaza ukumbi. Jumamosi saa kumi tukutane vimbweta vya karibu na maktaba, tuandike barua moja. Kabla ya hapo kila mtu apige simu kwao, kwa mama au dada au shangazi, amuulize mambo mawili: zahanati ya kwenu kijiti kipo? Na mara ya mwisho kujifungua vifaa vilikugharimu shilingi ngapi? Mje na majibu yameandikwa, pamoja na jina la kijiji. Majina ya wanawake msilete.

Wale wa "afadhali waondoke" nanyi mnakaribishwa, ila mje mmeshapiga hiyo simu. Mimi sasa nalala, kesho saa moja asubuhi nina Saikolojia ya Elimu na nina sapu ya muhula uliopita inaninyemelea.